Safari ya Miguu Hifadhini: Ukiondoa Gari, Bei Inabaki Ngapi?

Mtu akiulizia bei ya kwenda mbugani, jibu la wakala karibu kila mara huanzia kwenye gari. Land Cruiser yenye paa la kufunguka, pamoja na dereva na mafuta, hukodishwa kwa dola 200 na zaidi kwa siku, na hapo hujalala wala hujala. Wakati huohuo, kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki katika hifadhi nyingi za Tanapa, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, kimekuwa shilingi 5,000 au 10,000 kwa mtu mzima miaka hii ya karibuni. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 unapata 5,900 au 11,800. Pengo kati ya hesabu hizi mbili ndilo linalowafanya Watanzania wengi waamini kwamba mbuga ni za wageni.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuona wanyama wa nchi yake bila kuuza kiwanja ni huu: aanze kwa miguu. Gari ndilo linalokula fedha, na zipo hifadhi ambazo ukishavuka geti gari halina kazi tena. Mojawapo haina hata barabara ya kulipitisha. Ila si kila matembezi ni ya bei ya chini. Safari ya miguu inaweza kukugharimu chini ya nauli ya basi la mkoani, na inaweza kukugharimu dola 1,000 kwa usiku mmoja. Kazi ya makala haya ni kuonyesha fedha hizo zinakwenda wapi, na lini zinastahili kutolewa.

Kwanza tukubaliane unachonunua. Mnyama wa hifadhini amelizoea gari. Kwake ni kitu kikubwa kisichomdhuru, na simba anaweza kujilaza kwenye kivuli cha gurudumu bila kujali kamera zilizo juu yake. Ukishuka chini unakuwa mtu, na karibu kila mnyama wa porini anamjua mtu kuwa ni adui. Swala aliyekuacha usogee mita kumi ukiwa garini ataanza kuondoka ukiwa mita mia. Kwa hiyo kwa miguu utaona wanyama wachache zaidi, na wengi wao kwa mbali. Anayetaka kuona simba, chui, tembo, nyati na faru katika siku mbili apeleke fedha zake kwenye gari, Ngorongoro na Serengeti, na atakuwa amefanya jambo la maana.

Anayetembea ananunua kitu kingine. Ananunua unyayo wa fisi kwenye vumbi la alfajiri, kinyesi cha tembo kilichojaa mbegu ambazo baadhi yake zitaota papo hapo, gome la mti lililokwanguliwa na pembe, harufu ya nyati inayofika kabla ya nyati mwenyewe. Askari aliyetangulia anainua mkono, mstari mzima unasimama, na kila mtu anasikia pumzi zake. Kundi la twiga linageuza shingo zote kwa pamoja na kuwatazama. Hakuna kioo wala injini kati yenu. Watoto wa sekondari niliowaona wakipita katika hali hiyo hawakuzungumza habari nyingine njia nzima ya kurudi, na naamini somo hilo halipatikani kwenye kiti cha gari.

Arusha: wanyama wakubwa, karibu na mji

Kwa anayeanza, na anayetaka wanyama wakubwa, Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo chaguo la kwanza upande wa kaskazini. Ina kilomita za mraba 552, ipo mwendo mfupi kutoka Usa River, na matembezi mengi huanzia geti la Momella chini ya Mlima Meru. Uwanda ulio karibu na geti huwa na nyati na ngiri, twiga ni wengi kuliko utakavyotarajia, na ukiingia msituni kuelekea maporomoko ya Tululusia unakutana na mbega weusi wenye mikia mieupe. Upande wa pili kuna maziwa ya Momella yenye heroe. Hii si hifadhi ya kwenda kutafuta simba, na hilo ndilo linaloifanya iwafae wanaotembea kwa mara ya kwanza. Hatari kubwa hapa ni nyati, na ndiyo sababu hakuna anayetembea bila askari mwenye bunduki.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa 11,800 pamoja na VAT. Mgeni kutoka nje hulipa dola 50 kabla ya VAT katika msimu wa juu. Hapo panaongezwa ada ya matembezi, inayolipwa hifadhini, na usafiri wa kufika Momella. Huo wa mwisho ndio unaoamua bei. Zipo gari za abiria za kwenda Ngare Nanyuki zinazopita njia ya hifadhini, lakini ratiba yake haimngojei mtalii, na mkichelewa kurudi mtakwama. Kundi la watu watano au sita likikodi Noah kwa kutwa nzima na kuchangiana, gharama ya mmoja inashuka hadi pale ambapo mwalimu au muuguzi anaweza kuilipa bila kukopa.

Nitaje na Mlima Meru wenyewe, wenye mita 4,566. Watu huuchukulia kama mazoezi ya Kilimanjaro, lakini siku ya kwanza ya kuupanda, kutoka Momella hadi vibanda vya Miriakamba, ni safari ya miguu ya kuona wanyama. Askari mwenye silaha huongozana na wapandaji kwa sababu njia inakatiza makazi ya nyati na tembo. Ukilipia Meru unapata vyote viwili, ingawa kwa siku tatu au nne, vibanda, wapagazi na mpishi, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Udzungwa: hifadhi isiyotaka gari

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za utalii ndani yake. Awe waziri au mwanafunzi, anaingia kwa miguu. Makao makuu yapo Mang'ula, pembeni mwa barabara inayotoka Mikumi kwenda Ifakara, na basi linakushusha karibu na geti. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilichokuwa kikitesa abiria kwa vumbi na matope, siku hizi ni lami.

Angalia hesabu ya familia ya watu wazima wanne kutoka Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, huwafikisha Morogoro kwa shilingi 13,000 kila mmoja daraja la kawaida: jumla 52,000. Kiingilio cha Udzungwa kwa wote wanne ni 23,600. Yaani treni ya kwenda Morogoro peke yake ni zaidi ya mara mbili ya kiingilio cha hifadhi. Kutoka Morogoro mnachukua basi la kuelekea Ifakara. Au mnaiacha treni na kupanda basi la moja kwa moja kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Na katika njia hiyo kuna zawadi ambayo watu huikosa kwa kulala usingizi: barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria anayekaa dirishani huona swala, twiga, nyani na mara nyingine tembo bila kulipa senti moja.

Ndani ya Udzungwa usitarajie uwanda wenye makundi ya wanyama. Huu ni msitu wa mvua uliosimama mlimani, wa kale sana, na thamani yake ni viumbe ambao hawapo mahali pengine duniani. Mbega mwekundu wa Iringa anaishi katika milima hii na misitu ya jirani tu. Mangabei wa Sanje naye ni wa hapa peke yake, na wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimsikia miaka yote. Tembo wapo, na kinyesi chao utakikuta kwenye miteremko ambayo huwezi kuamini kwamba mnyama wa uzito ule anaipanda. Njia inayopendwa ni ya maporomoko ya Sanje, yanayoanguka mita 170 kwa hatua, na kwenda na kurudi huchukua saa nne hivi kwa mwendo wa kupumzika. Ukisimama juu ya maporomoko unaona bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa yaliyoenea hadi macho yanapochoka.

Mwongozaji ni lazima, na ni sahihi iwe hivyo: njia zinagawanyika, mvua hulifanya jabali kuteleza, na msitu una nyoka. Malazi Mang'ula ni ya kawaida, nyumba za wageni za mji mdogo pamoja na maeneo ya kupiga hema. Anayetafuta bwawa la kuogelea na chakula cha hotelini hatafurahi. Anayetafuta msitu wenyewe atapata zaidi ya alicholipia, na sijui hifadhi nyingine Tanzania ambayo fedha kidogo hununua kitu kikubwa namna hii.

Ngorongoro bila kushuka kreta

Watu hawajui kwamba Ngorongoro kuna kutembea. Ndani ya kreta kubwa hairuhusiwi, ila kreta mbili za jirani, Olmoti na Empakaai, huendewa kwa miguu pamoja na askari. Olmoti ni fupi, mwendo wa chini ya saa moja kufika ukingoni, na hapo utaona mto Munge unavyochomoka. Empakaai ni ya kutwa: unateremka katika msitu hadi ziwa la magadi lililofunika sehemu kubwa ya sakafu ya kreta, mara nyingi likiwa na heroe, kisha unapanda kwa jasho. Anga likiwa safi, Oldoinyo Lengai inaonekana.

Faida ya fedha ipo kwa wageni hasa. Gari la watalii wa nje linaposhuka kreta kubwa hutozwa dola 250 kabla ya VAT, mbali na viingilio vya watu. Ukitembea Empakaai unaikwepa ada hiyo. Lakini huwezi kulikwepa gari lenyewe, kwa sababu Empakaai iko mbali na njia yake inataka gari la magurudumu manne. Kwa Mtanzania anayetafuta unafuu, basi, Ngorongoro si mahali pa kuanzia. Kwa mwenye gari lake imara au mwenye kundi la kuchangia, ni siku nzuri kuliko nyingi zinazouzwa ghali.

Wakenya wana Hell's Gate

Jirani zetu wana kitu ambacho sisi hatuna: hifadhi ya taifa inayokuruhusu kutembea au kuendesha baiskeli peke yako katikati ya pundamilia, twiga, ngiri na pofu. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni ndogo, kilomita za mraba 68 tu, na matatu zinazopita kando ya ziwa hukushusha njia panda ya geti la Elsa, ambako vijana hukodisha baiskeli. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen, na viwango vyake vimekuwa vikibadilishwa, kwa hiyo tazama siku hiyohiyo unayotaka kwenda. Usitegemee bei aliyokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Nyati wapo na chui wapo, kwa hiyo uhuru huo una mipaka yake. Mahali ninaposisitiza mwongozaji hata kama mfuko ni mwepesi ni kwenye korongo la Ol Njorowa. Septemba 2019 maji ya ghafla yalishuka kutoka milimani na kuua watu waliokuwa wakitembea humo. Mvua inaweza kunyesha mbali huku juu yako jua linawaka. Mwongozaji wa kienyeji anajua wapi pa kupandia, na malipo yake ni madogo mno ukiyalinganisha na kazi hiyo.

Kuhusu Maasai Mara, ndani ya hifadhi yenyewe kutembea hairuhusiwi. Matembezi hufanyika katika maeneo ya jumuiya yanayoizunguka, ambayo Wamaasai wamekodisha kwa kambi, na bei yake huwa imeshafungwa ndani ya bei ya kitanda. Ni safi, ni ghali, na wenye ardhi hupata kodi yao.

Sokwe na sokwe mtu: pasi yako ina thamani

Kuwafuata sokwe, yaani gorila, ni safari ya miguu pia, na hakuna mahali ambapo pasi ya Afrika Mashariki inaokoa fedha nyingi kama hapa. Uganda humtoza mgeni wa nje dola 800 kwa kibali kimoja cha sokwe wa milimani, tangu Julai 2024, na raia wa Afrika Mashariki shilingi za Uganda 300,000. Rwanda imemtoza mgeni dola 1,500 tangu 2017, na imeweka dola 200 kwa raia wa jumuiya yetu. Bado si fedha ndogo. Lakini Mmarekani anayesimama pembeni yako akimtazama dume lilelile kwa saa ileile moja amelipa mara saba au zaidi.

Kwa sokwe mtu tuna Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake Julai 1960. Mgeni hulipa dola 100 kabla ya VAT, raia hulipa kwa shilingi. Na hapa ule ugonjwa wa gari unarudi kwa sura ya boti. Gombe haina barabara. Unafika kwa ziwa kutoka Kigoma. Boti ya kukodi ni ghali kwa mtu mmoja au wawili. Njia ya wananchi ni mtumbwi wa mashine unaotoka ufukwe wa Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, ambao husimama Gombe na nauli yake ni ya wanakijiji. Ni wa taratibu, umejaa mizigo na watu, na unakulazimisha kulala hifadhini kwa kuwa hautarudi siku hiyo kwa ajili yako. Mimi naona hilo ni jema, kwa sababu sokwe mtu hufuatwa vizuri asubuhi. Ila hakikisha kuna maboya ya kuokolea maisha. Kama hayapo, subiri chombo kingine.

Dola 500 kwa usiku zinanunua nini?

Sasa tuje kwenye ile bei inayotisha. Ruaha, Nyerere, na zaidi ya zote South Luangwa nchini Zambia, kuna kambi ndogo za mahema zinazouza matembezi ya siku kadhaa. Bei huanzia kama dola 500 kwa mtu kwa usiku na kupita 1,000 kirahisi, mbali na ndege ndogo ya kukufikisha.

Zambia ndiko aina hii ya safari ilikokomaa. Norman Carr, aliyekuwa mhifadhi, alianza kuwatembeza wageni katika bonde la Luangwa na kuifanya biashara yenye sura yake miaka ya 1950 na 1960. Hadi leo utaratibu wa huko ni mkali: mwongozaji wa matembezi hupita mtihani maalumu, askari wa serikali mwenye bunduki hutangulia, na kundi huwa dogo. Kambi nyingi za porini hufungwa mvua zinapoanza, kwa sababu barabara zinazama.

Ukiitazama bei hiyo kwa makini, kitanda na divai ni sehemu ndogo. Unalipia umbali, kwa sababu kila yai na kila lita ya dizeli imesafiri. Unalipia uchache wa watu: kambi ya wageni sita ina wafanyakazi wengi kuliko wageni. Na unalipia mtu mmoja aliyefundishwa miaka mingi, anayeweza kukusogeza kwa tembo dume huku upepo ukivuma usoni mwenu, akusimamishe, na kukuondoa bila mnyama kubadili mwendo wake. Hicho cha mwisho ndicho ninachokubali kukilipia. Kama kambi inatoza dola 700 na mwongozaji wake ni kijana wa mwaka wa kwanza, basi umenunua hema la gharama.

Mtanzania anayeitamani Ruaha au Nyerere aulize bei ya wakazi. Kambi nyingi zinayo, hasa nje ya msimu wa watalii, lakini mara nyingi haiandikwi mahali popote. Inatolewa kwa anayeiuliza.

Aliyetangulia mbele yako

Katika ngazi zote, kuanzia Mang'ula hadi Luangwa, ubora wa siku yako unaamuliwa na mtu mmoja. Kwa hiyo maswali yako mengi yamhusu yeye. Nani anabeba bunduki, na je, huyohuyo ndiye anayeeleza, au wapo wawili? Wawili ni bora: mmoja anatazama mbele, mwingine anajibu maswali. Tutakuwa wangapi? Zaidi ya wanane, mstari unakuwa mrefu, wa nyuma hawasikii kitu, na wanyama wameshaondoka. Ana redio ya mawasiliano au anategemea simu? Ana kisanduku cha huduma ya kwanza? Amefanya kazi katika pori hilo kwa muda gani? Mwenye uzoefu wa kweli haudhiki na maswali haya. Kwa kawaida huyafurahia.

Ukimpata, mtii. Mtatembea kwa mstari mmoja, kimya. Akisema simama, simama. Akisema rudi nyuma taratibu, rudi hivyohivyo. Kukimbia ndiko kunakomchochea mnyama kufukuza. Mwongozaji anayewapeleka wageni karibu mno ili apate bakshishi kubwa ni wa kumkwepa, hata kama picha zake ni nzuri, kwa sababu siku mnyama akilazimika kujihami, risasi itampiga yeye aliyekuwa nyumbani kwake.

Kuhusu bakshishi: askari na waongozaji wengi hutegemea kipato cha kawaida sana. Weka fungu hilo kwenye bajeti tangu nyumbani, badala ya kupapasa mifuko mwisho wa safari.

Gharama zinazojificha

Bei nyingi hutangazwa kabla ya VAT. Uliza kama imo. Kibali cha hifadhi za Tanapa huhesabiwa kwa saa 24 na kwa kuingia mara moja, kwa hiyo ukilala nje ya hifadhi na kurudi kesho yake unaweza kulipa upya. Mageti hayapokei fedha taslimu. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ulipe kwa simu, benki au kadi, na mtandao ukisumbua utasubiri. Lipa mapema. Beba kitambulisho cha taifa au pasi, la sivyo huna ushahidi wa uraia. Ndugu zetu wa Muscat au London wenye pasi za huko hulipa kama wageni: watu wazima wanne Arusha ni dola 236 pamoja na VAT, wakati binamu zao wa Moshi walioshika kitambulisho cha NIDA wanalipa shilingi 47,200.

Umri nao una gharama. Katika matembezi ya porini watoto chini ya miaka 12 kwa kawaida hawaruhusiwi, na baadhi ya kambi huweka umri mkubwa zaidi. Ukifika na mtoto wa miaka minane, mzazi mmoja atabaki naye getini na fedha yake imepotea.

Mavazi hayahitaji duka la kifahari. Mitumba ya rangi ya kaki, udongo au kijani kilichofifia inatosha, pamoja na viatu vilivyozoea miguu yako. Epuka bluu na nyeusi kwenye maeneo ya ndorobo kama Ruaha na Nyerere, kwa sababu rangi hizo huwavuta. Nguo za mabaka ya kijeshi ziache kabisa; raia haruhusiwi kuzivaa Tanzania. Maji lita mbili kwa mtu, kofia, na dawa ya kuzuia malaria kwa ushauri wa daktari. Kwa safari za mbali, bima ya kuokolewa kwa ndege, kama ile inayouzwa na AMREF Flying Doctors, ni fedha ndogo kulinganisha na gharama ya kukodi ndege siku ya dharura.

Msimu pia unabadilisha thamani ya kila shilingi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, malazi hushuka bei, lakini majani huwa marefu kuliko mtu, na nyati aliyelala ndani yake hamwonani hadi mmekaribiana. Kwa gari, punguzo hilo ni la kulichukua. Kwa miguu, silipendekezi.

Uamuzi wangu

Mwenye bajeti ndogo aende Udzungwa, alale Mang'ula siku mbili, apande Sanje. Mwenye bajeti ya kati na hamu ya twiga na nyati akusanye wenzake watano waende Arusha. Mkenya aanze Hell's Gate na amlipe mwongozaji wa korongo. Mwenye akiba ya miaka kadhaa aangalie kibali cha sokwe wa Uganda kwanza, kabla ya kambi ya kifahari, maana punguzo la uraia ni kubwa mno kuliacha. Na mwenye uwezo wa dola 500 kwa usiku aende Ruaha kati ya Juni na Oktoba, Mto Ruaha Mkuu unapopungua na wanyama kukusanyika kwenye maji yaliyobaki, baada ya kuuliza jina na uzoefu wa mwongozaji wake.

Yeyote utakayekuwa kati ya hao, wasiliana na ofisi ya hifadhi yenyewe kabla ya kumlipa wakala. Watakwambia ada ya siku hiyo, idadi ya askari waliopo na hali ya njia, na ushauri huo hautozwi chochote.